Ng'ombe wa Mahari Yangu

Jubilate, msaidizi wangu, alikuja mbio kutoka zizini, mabuti yamejaa tope, akasimama mlangoni mwa ofisi akihema.

"Dada Tuli, kuna ng'ombe saba wameshushwa sasa hivi, wametokea ng'ambo, Karonga. Wawili wanatoa mate."

"Mate ya kawaida, au udenda?"

"Udenda. Unafika chini."

Nikaiweka chai yangu mezani. Sikuwa hata nimeionja, na maandazi bado yalikuwa kwenye karatasi yake. Ndiyo kazi yetu hii.

Niseme mapema kwamba siku ile sikutakiwa kuwa pale mpakani Kasumulu. Ilikuwa Ijumaa, na kesho yake wazee wa Matema walikuwa wanakuja nyumbani kwetu Talatala kuleta mahari. Mahari yangu mimi, Tulinagwe, daktari wa mifugo, mwanamke wa miaka thelathini na moja ambaye shangazi zake walishaanza kumwombea kanisani kwa kumtaja jina. Likizo niliiomba mapema, ikakubaliwa, nikashukuru. Jana yake jioni bosi wetu wa kanda akaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba daktari mwenzangu anatakiwa semina, hivyo "Dkt. Tulinagwe atashika kituo," halafu mwishoni akaweka kidole gumba. Basi, likizo imekwisha. Mama akanituliza kwenye simu kwamba mahari hupokelewa na wazee, mimi nifike tu jioni nikishafunga ofisi.

Watu wakiona kitambulisho kimening'inia shingoni wanadhani una mamlaka. Mamlaka gani, jamani! Mimi nimeajiriwa na wakala wa serikali mwaka wa sita huu, na kitu pekee ninachoamua mwenyewe ni chai niweke tangawizi au nisiweke. Mama mwenye nyumba yangu pale Kyela mjini ananiita Serikali. "Serikali, umeamka? Serikali, maji yamekatika, yanarudi lini?" Mimi natibu ng'ombe, maji nayajulia wapi? Lakini ukimwambia hujui, anakuangalia kwa jicho la kwamba unamficha.

Nikavaa koti jeupe, nikachukua glavu, nikamfuata Jubilate.

Zizi letu la ukaguzi liko nyuma ya maegesho ya malori. Kabla sijafika nikasikia mtu anapiga mluzi, mluzi ule wa chini chini wa mtu anayejisahau. Mluzi ule naujua hata usingizini. Nikazunguka lori, na kweli, alikuwa yeye: Eliud wangu, ameinama anaondoa kamba kwenye pembe za ng'ombe mwekundu, shati limelowa mgongoni.

Eliud ni fundi wa injini za boti pale Lyulilo, sokoni ufukweni Matema. Tulikutana siku nilipokwenda kuchanja mbwa. Alipanga foleni na mbwa mweusi, akajibu maswali yangu yote vizuri, akanishukuru, akarudi tena mchana na mbwa mwingine wa kahawia. Baadaye nikaja kujua hana mbwa hata mmoja, alikuwa anaazima kwa majirani. Mwanaume wa namna hiyo utamkatalia nini?

"Eli!"

Akainua uso. Nilitegemea tabasamu, lakini alibadilika rangi.

"Tuli? Mungu wangu, wewe si uko likizo?"

"Imefutwa. Hawa ng'ombe ni wa nani?"

Macho yake yakakimbilia upande wa pili wa zizi. Nami nikageuka kutazama anakotazama, na pale nikaona kofia ya kijivu na mgongo mrefu wa mzee aliyeshika kamba.

Sikufikiri. Nilirudi nyuma ya lori kwa haraka hata glavu zikaanguka, nikachuchumaa nyuma ya tairi, nikajifunika uso kwa mikono.

"Dada Tuli!" Jubilate akanifuata, amepigwa na butwaa. "Umeumwa na nini?"

"Nyamaza, Jubi. Nipe kitenge chako."

"Kitenge?"

"Nipe! Yule ni baba mkwe wangu."

Jubilate ni mtu wa Moshi, ana miezi michache tu huku kwetu, kwa hiyo ilibidi nimweleze palepale nimechuchumaa kwenye tope. Sisi Wanyakyusa, binti akishaposwa tu, baba wa mchumba wake hamwangalii usoni. Hamwamkii, hampi mkono, jina lake halitamki. Mkikutana njiani, mkamwana, ndiyo mimi huyo, anaingia porini mpaka mzee apite. Wazee wanaita ukutila. Siyo uadui, ni heshima, tena heshima kubwa kuliko zote. Familia nyingi siku hizi zimelegeza, lakini baba yake Eliud hajalegeza hata uzi mmoja. Pale kanisani Matema yeye hukaa mbele na wazee wa kanisa, nami hukaa nyuma ya nguzo na kutokea mlango wa pembeni kabla ya baraka. Tangu posa ilipopokelewa, sijawahi kuuona uso wake vizuri.

"Sasa utawakaguaje ng'ombe wake?" Jubilate akauliza.

Swali zuri. Nikajifunga kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi.

Eliud akaja, akachuchumaa mbele yangu. Alinukia jasho na oili, harufu ninayoipenda kuliko marashi.

"Eli, niambie siyo," nikamwambia. "Niambie hawa siyo ng'ombe wa mahari yangu."

"Ndio wenyewe."

"Kwa nini hukuniambia kwamba wanatoka ng'ambo? Ulisema wapo kwa baba mkubwa!"

"Baba mkubwa si anakaa Karonga! Nawe hukuuliza."

"Ningeulizaje? Binti anauliza ng'ombe wake wanatoka wapi? Ningeonekana nina njaa ya ng'ombe!"

"Na mimi ningesemaje? Kijana anamwambia mchumba habari za mahari?" Akashika kichwa. "Tulipanga tupite leo kwa sababu wewe ungekuwa likizo, baba asikutane nawe. Kibali tunacho, cheti cha afya kutoka ng'ambo tunacho. Kila kitu tumefuata, Tuli. Walikuwa wazima wiki iliyopita. Jana ndiyo yule mwekundu akaanza kukataa majani."

Pande zote mbili tulinyamaza kwa adabu, na adabu yetu ndiyo iliyotufikisha kwenye zizi lile.

"Ngoja niwaone," nikasema.

Mzee alikuwa ameshanitambua. Aliikabidhi ile kamba kwa dereva, akaenda kusimama ukutani, uso kwa tofali, mgongo kwetu. Nikaingia zizini na koti jeupe, mabuti ya mpira na kitenge cha maua kichwani. Madereva wa malori wakaanza kucheka. Sikuwajali.

Mwenzenu niliomba. Nilisema, Mungu, iwe ni mwiba tu umemchoma mdomoni. Jubilate akamshika mwekundu pua, nikamfungua mdomo, nikavuta ulimi. Malengelenge. Ngozi ya ulimi ikabaki mkononi mwangu. Nikainua mguu, katikati ya kwato kuna kidonda kibichi. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuwa bado hana udenda, lakini alichechemea, na fizi zilikuwa zimeanza kuchubuka.

Jubilate akaniangalia. Hakukuwa na haja ya kusema.

"Ugonjwa wa miguu na midomo," nikasema hata hivyo, maana lazima mtu aseme.

Nilirudi nyuma ya lori, Eliud akanifuata.

"Wanne ni wazima," akaanza haraka. "Wapitishe hao wanne. Watatu nitawarudisha mwenyewe."

"Wamepanda lori moja, Eli. Wamenywa maji chombo kimoja. Wote wameshaambukizwa."

"Basi fumba macho. Siku moja tu. Wapokelewe kesho, Jumatatu uje na sindano zako uwatibu hukohuko."

"Hukohuko Talatala? Kwa baba? Baba ana ng'ombe wanne, ndio anaowaita kwa majina kuliko anavyotuita sisi. Jirani yetu mama Sekela ana ndama wa wiki mbili. Kijiji kizima kinanyweshea kijito kimoja. Nikiwapitisha hawa, baada ya wiki mbili hakuna maziwa Talatala, na ndama watakufa. Watasema nani kaleta? Watasema mahari ya Tulinagwe."

Alijua ninasema kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Angekuwa mjinga ningemfokea, tungepumua.

"Tuli," akasema polepole, "unajua kwetu ng'ombe wa mahari wakishaagwa, hawarudi. Baba mkubwa amewaombea leo alfajiri, ni mgonjwa, alinyanyuliwa kitandani kuja kuwaaga. Ng'ombe wa mahari wanarudi kwa sababu moja tu: mwanamke amekataa. Na anayewarudisha ni wewe. Saini yako!"

"Siyo mimi! Ni sheria."

"Mweleze baba hivyo."

"Siwezi kumweleza, siruhusiwi hata kumsalimia!"

Tukatazamana, na Mungu anisamehe, tulicheka. Tulicheka mpaka machozi yakatoka, halafu yakaendelea kutoka wakati kicheko kimeshakwisha. Akanifuta shavu kwa kidole chenye oili. Nilitamani kuishika ile mikono, nipande nayo lori, twende popote pasipo na geti.

"Kuna karantini," nikasema. "Tukiwaweka hapahapa zizini mpaka wapone, hawajarudi, na hawajaingia. Sivyo?"

Macho yake yakawaka. "Inawezekana?"

"Ngoja nimpigie bosi."

Nikaingia ofisini. Bosi alipokea kwenye mlio wa tatu, nyuma yake kuna sauti za vijiko na sahani.

"Daktari, habari za mpakani?"

"Siyo nzuri, bosi. Nina ng'ombe saba, dalili zote za miguu na midomo. Lakini kwanza naomba mtu mwingine aje ashughulikie, mimi nina uhusiano na mwenye mali."

"Uhusiano gani?"

"Ni baba mkwe wangu."

"Umeolewa? Mbona hatukualikwa!"

"Bado, bosi. Kesho ndiyo mahari. Hawa ng'ombe ndio mahari yenyewe."

Akacheka, siyo kwa ubaya. "Pole, daktari. Lakini mwongozo unasema ndugu wa damu au mwenza wa ndoa. Cheti cha ndoa mnacho?"

"Hatuna."

"Basi kiofisi huna uhusiano naye. Endelea na kazi."

Nilitazama ukuta. Kwa ofisi yule mzee si ndugu yangu. Kwa mila zetu ni ndugu kiasi kwamba siwezi kumtazama. Ningeweza kulia, ningeweza kupiga ngumi meza, isingebadilika kitu.

"Basi naomba niwaweke karantini hapahapa, bosi. Nitawahudumia mwenyewe, hata usiku."

"Zizi lenu halijapitishwa kwa karantini. Paa halijakwisha, mtaro wa maji machafu unaelekea mtoni. Ikitokea ugonjwa ukashuka na mto Songwe, nani atajibu? Ni wewe na mimi. Warudishwe, daktari. Nitumie fomu kabla ya saa nane."

"Bosi, nakuomba. Hii ni ndoa yangu."

"Naelewa." Na nadhani alielewa kweli, sauti ilishuka. "Mimi mwenyewe nilimzika mama yangu kwa simu, nikiwa kituo cha mbali. Naelewa. Lakini siwezi. Tuma fomu."

Akakata. Eliud alikuwa amekuja dirishani, amesikia yale ya mwisho.

"Sawa," akasema. Neno hilo moja tu.

"Eli, tununue wengine. Nina akiba, chukua. Nenda mnadani leo hii."

"Nimeshamwambia baba, ulipokuwa ndani. Anasema siyo suala la ng'ombe."

"Ni suala la nini?"

"Anasema mkamwana gani anakaa getini na kumrudisha mkwe wake? Leo ng'ombe, kesho atamrudisha nani? Nikija na ng'ombe wa mnadani, yeye haji. Asipokuja yeye, baba yako atampokea nani? Atanipokea mimi mwenyewe na shemeji zangu?"

Nilijua jibu. Baba yangu asingepokea hata kuku bila baba wa kijana. Angesema binti yake siyo wa kuokotwa barabarani.

"Ngoja niongee naye," nikasema. "Kupitia Jubilate."

Ndivyo tulivyofanya, na nadhani mpaka leo madereva wa Kasumulu wanasimuliana. Mzee alisimama upande mmoja wa lori, mimi upande wa pili, na katikati, kwenye bampa, akasimama binti wa Moshi akigeuza shingo huku na huku.

"Mwambie mzee naomba radhi," nikasema. "Mwambie ningekuwa na njia yoyote ningeitumia."

"Mzee, anaomba radhi. Anasema hana njia."

Sauti nzito, iliyotulia. "Mwambie huyo binti, sheria naijua. Kwetu wakati wa homa ya kuku nilichoma kuku wangu mwenyewe. Sibishi kwamba wanaumwa."

"Anasema habishi."

"Nimesikia, Jubi, kasema Kiswahili."

"Basi kwa nini mnanituma?" Jubilate akalalamika, karibu alie naye.

"Muulize," mzee akaendelea, "kama angekuwa nyumbani kwao leo, na hapa pangekuwa na daktari mwingine, ng'ombe wangerudi?"

"Wangerudi," nikasema.

"Wangerudi," Jubilate akarudia.

"Basi ningempa pole mwanangu, na ningetafuta wengine. Ningekuja Talatala wiki ijayo. Hilo ni tatizo la ng'ombe. Lakini aliyewarudisha ni yeye, kwa mkono wake. Nitawaambia nini wazee wenzangu? Mkwe wangu amenikataa, ila hakukusudia?"

Nilishika ubao wa lori. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningengoja ipoe.

Nikarudi ofisini kujaza fomu. Penye aina ya mnyama nikaandika ng'ombe. Penye sababu nikaandika sababu. Penye jina la mwenye mali nikasimama. Jina lile sijawahi kulitamka wala kuliandika, na hata hapa mniwie radhi, sitaliandika. Jubilate akachukua kalamu mkononi mwangu, akasoma kwenye kibali herufi moja moja, akalijaza yeye. Kisha akanirudishia kalamu, kwa sababu yeye ni msaidizi, saini yake haifai.

Nikasaini. Nikapiga mhuri. Saini ikatoka safi kama siku zote, na nilijichukia kwa hilo.

Eliud alikaa kwenye kiti cha wageni, viwiko magotini.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?" nikamuuliza.

"Ningesaini."

"Kweli?"

"Kweli. Na ndiyo maana nakupenda, na ndiyo maana sijui nifanye nini." Akainuka. "Acha nikamsaidie baba kupakia. Nitaongea naye tena. Ana moyo, Tuli, we hujamjua tu. Nisubiri, usiende popote."

"Niende wapi? Niko zamu."

Akatabasamu kidogo, akatoka.

Nilibaki peke yangu. Nilivua kitenge, nikanawa uso kwenye beseni, nikafunga nywele. Nje nilisikia kwato zikigonga ubao, dereva akifoka, mluzi hakuna. Nikakaa mezani na kufungua kompyuta ili nitume ile fomu, maana saa nane ilikuwa inakaribia. Mtu akagonga mlango.

"Karibu, pita," nikasema bila kuinua macho, ninavyosema siku zote.

"Habari za kazi, daktari?"

"Nzuri, mzee, karibu. Nikusaidie nini?"

"Nimefuata nakala yangu."

Akili yangu ilikuwa nje kwenye lori; nikaichomoa nakala ya njano bila kusoma jina, nikaipiga mhuri, nikainuka na kumpa. Alikuwa na uso mwembamba, macho mekundu kidogo, na kovu dogo kidevuni. Akaikunja vizuri, akaitia mfukoni mwa shati. Kisha akanyoosha mkono, akanishukuru kwa lugha ya kwetu.

"Ndaga fijo, daktari. Umefanya kazi yako."

Nikaupokea. Miaka sita kaunta ile, mwananchi akinyoosha mkono unaupokea, unamwambia karibu tena. "Karibu tena, mzee," nikasema. Kiganja chake kilikuwa kikavu, chenye alama ya kamba. Kofia ya kijivu ilikuwa kwenye mkono wake mwingine.

Kofia ya kijivu.

Niliuona mkono wangu ndani ya mkono wake. Niliuona uso wake, naye ameutazama wangu, wala hakugeuka. Nilitaka kupiga magoti, nilitaka kuingia chini ya meza, lakini mkono wangu ulikuwa bado mkononi mwake. Yeye aliuachia mkono taratibu, akavaa kofia, akatikisa kichwa kuniaga, akatoka akimpita Eliud aliyekuwa amesimama kizingitini.

Eliud akaingia.

"Tuli," akasema. "Umempa mkono."

"Sikujua! Eli, sikuangalia, nilidhani ni mtu tu, nilidhani ni mwananchi..."

"Umempa mkono, ukamkaribisha tena."

"Ni mazoea ya kazi! Mweleze! Si ulisema ana moyo?"

"Alikuwa ameshalainika." Alisema kwa sauti ndogo sana, nikalazimika kusogea ili nimsikie. "Nimemsihi pale zizini mpaka akanyamaza. Akasema, nitaingia mwenyewe ofisini, nitampa mkono. Akikimbia, basi ni mkwe wangu, na ng'ombe tutatafuta wengine, wazee nitawajibu mimi. Akiupokea, ni serikali."

Nje lori likapiga honi. Eliud akatazama nyuma, akanitazama mimi.

"Lazima nivuke nao. Baba hawezi kuwashusha peke yake."

"Eli, usiende hivi."

"Nitakuja."

"Lini?"

Akanibusu kwenye paji la uso, mbele ya Jubilate na mbele ya picha ya Rais ukutani, jambo ambalo hajawahi kulifanya, halafu akaondoka mbio. Aliponibusu namna ile, nilijua hata yeye haamini atakuja.

Nilikurupuka. Nikanyakua kitenge, nikapita njia ya nyuma ya choo, nikalitangulia lori mpaka getini, pale linapokata kona kuelekea darajani. Palikuwa na dimbwi la tope jekundu. Nikapiga magoti katikati yake, kitenge kimenifunika mpaka kifuani, uso nimeuelekeza ardhini, namna alivyofanya mama yangu, namna alivyofanya bibi yangu, mkamwana anavyotakiwa kumfanyia baba mkwe wake. Nilisikia madereva wamenyamaza. Nilisikia lori linakuja, linapunguza mwendo, linasimama usawa wangu. Nyuma, juu ya mbao, nilisikia Eliud akisema, "Baba, muone. Baba, tafadhali muone."

Kioo kikashushwa. Nikangoja nisikie lori likiondoka, au mlango wa pili ukifunguliwa ili ashuke upande mwingine, kunikwepa kama mkamwana wake. Chochote kati ya hivyo kingeniokoa. Yeye aliinama dirishani, akasema nami moja kwa moja, kwa upole kabisa, tena kwa Kiswahili.

"Inuka, daktari. Utalichafua koti la ofisi."